Dawa Dhidi ya Kuvu Katika Vali za Moyo

Maambukizi ya kuvu katika vali za moyo, yaani zile ngozi nyembamba zinazofunguka na kujifunga ili damu isirudi ilikotoka, ni machache yakilinganishwa na yale yanayoletwa na bakteria, lakini huua takriban nusu ya wanaoyapata, na pengine zaidi. Kuvu inayoongoza ni Kandida, ambayo kwa kawaida huishi utumboni bila madhara hadi ipate njia ya kuingia katika damu, kwa mfano kupitia mpira wa dripu uliokaa muda mrefu katika mshipa mkubwa, kisha ikajishikiza kwenye vali iliyoharibika au vali bandia.

Ugumu wa tiba unatokana na jinsi kuvu inavyoota. Juu ya vali hujikusanya pamoja na chembe sahani na nyuzi za damu iliyoganda, likawa bonge ambalo ndani yake kuvu hujifunika kwa utando unaonata, usiopenyeka kwa urahisi. Tena, kwa kuwa vali haina mishipa mingi ya damu, chembe nyeupe zinazoulinda mwili haziifikii kwa wingi. Ndiyo maana tiba huanza kwa dawa inayoua kuvu, si inayoizuia tu isizaliane, tena kwa dozi kubwa.

Mwongozo wa Chama cha Magonjwa ya Kuambukiza cha Marekani wa mwaka 2016 unatoa njia mbili za kuanza dhidi ya Kandida. Ya kwanza ni amfoterisini B iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta, miligramu 3 hadi 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ambayo huutoboa utando wa seli ya kuvu hadi seli ivuje, na ambayo inaweza kuongezewa flusitosini. Ya pili ni kundi la ekinokandini, ambalo huzuia kujengwa kwa ukuta wa seli ya kuvu, ukuta ambao seli za binadamu hazina. Kaspofungini, mojawapo ya dawa za kundi hili, ambayo kwa maambukizi ya Kandida katika damu huendelezwa kwa miligramu 50 kwa siku, hapa hutolewa miligramu 150. Kwa kuwa amfoterisini huweza kudhuru figo na kushusha potasiamu, na flusitosini kudhoofisha uboho, vipimo vya damu ni sehemu ya tiba yenyewe.

Hata hivyo, mwongozo huohuo unapendekeza vali iliyoambukizwa ibadilishwe, na dawa iendelee kwa angalau wiki 6 baada ya upasuaji. Damu ikishakuwa safi na mgonjwa akatulia, huhamishiwa flukonazo, miligramu 400 hadi 800 kwa siku, iwapo kuvu yake imethibitika kuuawa au kuzuiwa nayo. Asiyeweza kupasuliwa, au mwenye vali bandia, huendelea nayo kwa muda mrefu ili ugonjwa usirudi. Kwa hiyo kushuka kwa homa si ushahidi wa kupona, na mgonjwa anastahili kuelezwa hivyo mapema, kwani kuacha dawa kwa sababu ya nafuu hiyo kunaweza kumgharimu uhai.