Ndama si mama aliyepunguzwa

Anayetaka kuchora nguruwe pori na wanawe kwenye ukuta wa duka pale Rwamgasa, Geita, rangi anayo: ni ile ile ya mafuta inayopakwa milango na baiskeli. Ndiyo aliyoishika Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi vya mraba, takriban sentimita 60 kila upande.

Rangi hiyo hukauka taratibu, na ukilazimisha kivuli kabla haijakauka, unapata tope. Basi unapaka eneo zima rangi moja, unasubiri, ndipo unarudi na nukta na mistari juu yake. Umbo ndilo linalobeba kazi: mgongo ni upinde, jicho ni duara ndani ya duara.

Ugumu huja mtoto anapoingia. Picha nyingi zinazouzwa kwa watalii humchora kama mama aliyepunguzwa, na hapo ndipo zinapoharibika. Mtoto wa pundamilia huzaliwa na miguu inayokaribia urefu wa miguu ya mama. Kilicho kifupi ni kiwiliwili. Miguu iachwe mirefu, tumbo lifupishwe, mistari itiwe hudhurungi badala ya weusi. Ndama mchanga wa tembo hupita chini ya mama yake, kwa hiyo mstari mmoja wa tumbo unatosha kuwapanga wote wawili.

Nguruwe pori ndiye mtihani wenyewe. Mama hana michoro mwilini, ila singa zilizopauka mgongoni. Watoto wana michirizi ya manjano hafifu juu ya hudhurungi, ikifuata urefu wa mwili, nayo hufutika wakikua. Kwa hiyo mama anaachwa bapa, mapambo yote wanapewa wadogo! Watoto wa ngiri hawana michirizi. Ukiwachanganya, mwindaji yeyote atakucheka.

Tingatinga mwenyewe hakujali sana usahihi huo. Madoa yake yalifuata mdundo wa picha kuliko ngozi ya mnyama, na mkono wake ulimruhusu. Alichora kama miaka minne tu, akauawa kwa risasi mwaka 1972. Wanaomwiga wamechukua nukta, wakaacha upangaji.

Mchoraji wa Geita asianze na simba. Aanze na nzohe wa kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977: kwato zake ndefu zilizotanuka ni pembetatu mbili tayari.