Mkono Unaofundishwa Upya Kubeba Mwili

Jimnastiki hubebesha mikono kazi ya miguu, ndiyo maana kifundo cha mkono cha mtoto huumia mapema. Karibu na ncha ya mfupa wa kigasha, hapo kifundoni, kuna gegedu laini linalourefusha. Likigandamizwa kila siku bila kupumzishwa, hudhurika. Hapo huanza kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia, kazi isiyopigiwa makofi. Baada ya wiki za mapumziko, huanza na viganja kuegemea ukuta tu. Kisha viganja sakafuni, magoti chini, uzito ukisogezwa mbele kidogo kidogo, naye akimtazama mtoto usoni, kwa kuwa mtoto mwenye hamu ya kurudi huficha maumivu. Kesho yake huuliza mkono umeamkaje. Ukiuma, wanarudi hatua nyuma. Kusimama kwa mikono huja baadaye sana, na kupinduka baadaye zaidi.

Wapo wasemao watoto hupona upesi, na tahadhari hii huwapotezea msimu. Maumivu hutoweka upesi, kweli, lakini gegedu huchelewa; likigeuka mfupa kabla ya wakati, mfupa huo hubaki mfupi kuliko ule ulio kando yake. Msimu una thamani kwa mtoto, sikatai. Ndiyo maana mtaalamu huyo humpa mazoezi ya miguu na tumbo, ukumbini humohumo, pamoja na wenzake.