Nani Anaandika Vichwa vya Kurasa Laki Moja?

Mtu akiandika neno "Majengo" kwenye Google bila kuongeza lolote, hakuna ajuaye anataka ipi. Dodoma kuna kata ya Majengo, Moshi iko nyingine, Songea nyingine; Mombasa na Nairobi nako kuna mitaa ya jina hilohilo. Ikiwa tovuti moja ina ukurasa kwa kila Majengo, na kila ukurasa umepewa kichwa cha "Majengo" basi, msomaji atafungua wa kwanza, atarudi, atafungua wa pili, na kabla hajafika wa tatu ameshahamia tovuti nyingine.

Wikipedia ya Kiswahili ina kurasa nyingi mno za kata za Tanzania, na namna inavyolikabili jambo hili inafaa kutazamwa kwa karibu. Jina la kata likigongana na jingine, huongezewa mabano yenye jina la mji au wilaya. Kisha sentensi ya kwanza ya makala hufuata mtindo mmoja: hii ni kata ya mahali fulani, katika mkoa fulani, nchini Tanzania, na postikodi yake ni namba fulani. Inayofuata hutaja wakazi waliohesabiwa kwenye sensa. Hakuna aliyekesha akitunga sentensi hizo moja moja. Ni kiolezo kilichojazwa data. Wapo wanaozibeza makala hizo kwa ufupi wake, nao wana haki yao. Ila kwa kazi ya kumwambia mtafutaji kwamba amefika au amepotea, zinazishinda tovuti nyingi za biashara zilizogharimu mamilioni.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa uchambuzi huu. Tovuti ya kurasa kumi vichwa vyake huandikwa na mtu. Tovuti ya kurasa laki moja vichwa vyake huandikwa na hifadhidata, na hifadhidata ikiwa chafu, hakuna fundi wa maneno atakayeiokoa.

Matokeo ya utafutaji yana sehemu mbili zinazomhusu mwenye tovuti. Kwanza ni kichwa, kile kiungo kinachobofywa, ambacho kwa kawaida hutoka kwenye tagi ya title ndani ya msimbo wa ukurasa. Tagi hiyo ni ya kale: ilikuwamo kwenye orodha ya mwanzo ya tagi za HTML aliyoitoa Tim Berners-Lee mwaka 1991. Pili ni maelezo mafupi yaliyo chini yake, ya mistari miwili hivi. Haya yanaweza kutoka kwenye tagi ya maelezo aliyoijaza mwenye tovuti, au Google ikachota sentensi ndani ya ukurasa kulingana na maneno aliyoandika mtafutaji. Na mara nyingi huchota. Kampuni ya Ahrefs ilipopima mwaka 2020 ilikuta kwamba takriban asilimia 63 ya maelezo yaliyoonyeshwa hayakuwa yale yaliyoandikwa na wenye tovuti.

Kwa hiyo anayelipa watu waandike kwa mkono maelezo ya kurasa elfu hamsini ajue kuwa sehemu kubwa ya kazi hiyo haitaonekana. Fedha hiyo ingefaa zaidi kwenye aya ya kwanza ya ukurasa wenyewe, maana ndiyo inayochotwa. Wikipedia kwa kawaida haijazi tagi ya maelezo kabisa, na bado maelezo yake kwenye Google husomeka vizuri, kwa sababu sentensi yake ya kwanza imebeba kila kitu.

Kuhusu urefu, maneno yamekuwa mengi kuliko mambo. Kichwa hukatwa kwa upana wa skrini, si kwa hesabu ya herufi. Kwenye kompyuta herufi 60 hivi hupita salama, na kichwa kilichojaa herufi kubwa hukatwa mapema zaidi. Maelezo nayo yana kisa chake. Desemba 2017 Google iliyarefusha hadi kukaribia herufi 320, na watu wakakimbilia kuandika upya maelfu ya kurasa. Mei 2018 ikayarudisha kwenye urefu wa awali, kiasi cha herufi 160. Waliokimbia walirudi kukata. Waliokaa kimya na kuweka jambo muhimu mwanzoni hawakupoteza kitu.

Agosti 2021 ilifika zamu ya vichwa. Google ilitangaza utaratibu mpya wa kutengeneza vichwa, na wenye tovuti wengi wakaamka na kukuta majina ya kurasa zao yamegeuzwa. Kelele zilikuwa kubwa. Septemba mwaka huohuo kampuni ikaeleza kuwa imerekebisha utaratibu, na kwamba sasa tagi ya mwenye tovuti inatumika kwa asilimia 87 ya matokeo, kutoka 80. Maelezo yaliyoambatana na takwimu hiyo ndiyo yenye manufaa, kwani yalitaja magonjwa yanayoifanya mashine ibadilishe kichwa. Kuna kichwa kilichojazwa nusu, ambacho sehemu ya jina la ukurasa ni tupu na limebaki jina la kampuni tu baada ya mstari wima. Kuna kilichopitwa na wakati, ukurasa unazungumzia mwaka huu na kichwa bado kinataja mwaka jana. Kuna kisichosema kweli kuhusu kilichomo ndani. Na kuna cha kujirudia, kama tamthilia yenye misimu kadhaa ambayo kila msimu una ukurasa wake, lakini kurasa zote zina kichwa kimoja bila namba ya msimu.

Tazama orodha hiyo tena. Hakuna hata ugonjwa mmoja hapo ambao ni wa mwandishi asiyejua kuandika. Yote ni makosa ya kiolezo na data. Ningeongeza la tano ambalo kila mtafutaji wa nyaraka amelikuta: faili la PDF linalojitokeza kwa jina la "Microsoft Word" likifuatiwa na kistari na jina la faili la karani. Hakuna aliyeliandika kwa kusudi. Ni programu iliyobeba jina la faili wakati wa kugeuza hati. Tovuti yenye nyaraka elfu tatu za namna hiyo ina vichwa elfu tatu visivyo na mwenyewe.

Basi kiolezo kizuri hujengwaje? Chukulia tovuti ya nyumba za kupanga. Kurasa zake ni za aina chache: ukurasa wa mkoa, wa wilaya, wa mtaa, na wa nyumba moja moja. Kila aina hupewa kiolezo chake. Ukurasa wa mtaa ambao zamani ulianza na neno "Karibu", kisha jina la kampuni, kisha sifa ya kuwa namba moja nchini, sasa utasomeka hivi: "Vyumba na nyumba za kupanga Sinza, Dar es Salaam". Ni herufi 48 ukihesabu na nafasi, jambo lenyewe limetangulia, mahali pamefuata, na jina la kampuni likikosa nafasi mwishoni hakuna atakayelililia.

Kwenye karatasi ni rahisi. Ukifungua hifadhidata unakuta madalali wameandika "sinza", "SINZA MORI", "Sinza Kijiweni", "Sinza-Dar", na safu ya mji ina "Dar", "DSM", "Dar-es-salaam" na mahali pengine ni tupu. Kiolezo kikikutana na tupu hutoa "Nyumba za kupanga Sinza, " na mkato unaning'inia. Kwa hiyo kila kiolezo lazima kiwe na ngazi za kushukia: jina la mtaa likikosekana tumia wilaya, wilaya ikikosekana tumia mkoa, mkoa ukikosekana ukurasa huo usiruhusiwe kuonekana kwenye Google hadi mtu aukague. Ukijumlisha saa zote za kazi ya namna hii, nyingi huishia kwenye kusafisha majina ya mahali. Kutunga kiolezo ni kazi ya mchana mmoja.

Idadi inayobadilika kila siku sipendi kuiona kwenye kichwa. Kichwa kinachosema nyumba 14 kitakaa hivyo hadi roboti ya Google irudi, na roboti haina haraka na kurasa za pembezoni. Msomaji akibofya akakuta nyumba tatu, ataona amedanganywa, ingawa asubuhi ilikuwa kweli.

Halafu kuna jambo ambalo miongozo ya Kiingereza haiwezi kukuonya: ngeli. Kiolezo cha Kiingereza huchukua jina la kitu, hubandika maneno yaleyale ya kuuza, huongeza mahali, kikaisha. Kwa Kiswahili ni kiwanja cha kuuza, viwanja vya kuuza, gari la kuuza, magari ya kuuza, shamba la kuuza, nyumba ya kuuza na nyumba za kuuza. Programu iliyotafsiriwa kwa haraka hutoa "kiwanja ya kuuza" kwenye kurasa elfu moja kwa mpigo, na msomaji akiona hivyo hujiuliza kama mwenye tovuti yupo au amehama. Dawa yake ni ndogo: ongeza safu mbili kwenye jedwali la aina za bidhaa, moja ya umoja na nyingine ya wingi, kila moja na kiunganishi chake. Aina za bidhaa kwenye tovuti nyingi hazizidi mia kadhaa. Mtu mmoja anayejua lugha anazimaliza kwa siku.

Sasa kipimo, na hapa ndipo wengi hujidanganya. Mazoea ni kubadilisha vichwa vyote, kungoja mwezi, kisha kulinganisha na mwezi uliopita. Tovuti ya elimu ya Tanzania ikibadilisha vichwa vyake Desemba itapata wageni kwa mafuriko Januari, kwa sababu matokeo ya kidato cha nne kwa kawaida hutoka mwezi huo. Mkubwa wa idara atapongezwa, na kiolezo hakikuwa na mchango wowote.

Etsy, soko la mtandaoni la bidhaa za mikono lililoanzishwa Brooklyn mwaka 2005, ilieleza mwaka 2016 jinsi ilivyokwepa mtego huo. Jaribio la kawaida la mtandaoni huwagawa wageni: nusu waone hiki, nusu waone kile. Kwa vichwa vya Google haiwezekani, kwani roboti ni moja nayo hubeba toleo moja la kila ukurasa. Wahandisi wa Etsy wakagawa kurasa badala ya watu. Baadhi ya makundi yakaachwa kama yalivyo, mengine yakapewa violezo tofauti, yote kwa wakati mmoja, ili msimu wa sikukuu au mabadiliko ya Google yakija yayakute yote sawa. Kwa kuwa kurasa chache huvuta wageni wengi mno na nyingi huvuta wachache, hawakugawa kwa bahati tu. Walizipanga kwanza kwa kiasi cha wageni, kisha wakachota kutoka kila tabaka. Mwisho wakatumia mbinu za takwimu, mojawapo ikiwa CausalImpact, kifurushi ambacho Google yenyewe ilikitoa hadharani, kukadiria wageni ambao kundi lingepata kama lisingeguswa, na kulinganisha na waliokuja kweli.

Walichokuta ni kwamba vichwa vifupi vilifanya vizuri kuliko virefu. Sababu inayoaminika ni kwamba kichwa kifupi hukaribiana zaidi na maneno aliyoandika mtafutaji, kwa mashine na kwa jicho pia. Nisingelichukua tokeo hilo kama amri kwa kila tovuti. Soko la bidhaa za mikono si tovuti ya kata, na "Majengo" peke yake ni kifupi kupita kiasi. Ninachokichukua ni utaratibu, na ningesisitiza pawepo makundi mawili yasiyoguswa. Makundi mawili yasiyoguswa yakitofautiana kwa asilimia nne, ongezeko la asilimia tatu unalolishangilia kwenye kiolezo kipya halina maana yoyote.

Zipo tovuti kubwa ambazo kiolezo hakiwezi kuziandika, kwa kuwa kila ukurasa una jambo lake. Serikali ya Uingereza ilipozindua GOV.UK Oktoba 2012, ikichukua nafasi ya Directgov na Business Link kisha kumeza tovuti za wizara na taasisi kwa mamia, ilichagua njia ya kanuni: kichwa kisichozidi herufi 65, muhtasari usiozidi 160, neno la msomaji litangulie, na kitenzi kipendelewe. Sheria inaita kodi ya barabarani Vehicle Excise Duty. Ukurasa wa kuilipia umeandikwa "Tax your vehicle", yaani lipia gari lako kodi. Jina la sheria halijafutwa duniani, limeondolewa tu mahali ambapo hakuna anayelitafuta. Muhtasari huohuo hutumika kwenye utafutaji wa ndani ya tovuti, kwa hiyo mwandishi akizembea anaonekana mara mbili. Kanuni ya namna hii inahitaji wahariri wenye mamlaka ya kumrudishia mkurugenzi kichwa chake, na taasisi nyingi za kwetu hazijampa mhariri wa tovuti mamlaka hayo.

Kama unasimamia tovuti kubwa, usianze kuandika chochote. Toa jedwali moja lenye anwani ya kila ukurasa, kichwa chake, sentensi yake ya kwanza, na mara ngapi ulionekana kwenye Google. Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, hutunza takwimu hizo za kuonekana kwa miezi 16. Lipange kwa alfabeti ya vichwa. Ukikuta neno "Home" limejirudia mara mia tatu, kazi ya Jumatatu umeshaipata.