Urithi wa wazee kazini: ngoma ni ya nani, na nani anaipiga?

Kuko swali moja lenye kurudiaka kila mara katika mikutano ya utamaduni: mtu akiingia kazini, desturi za wazee wake anaziacha wapi? Anazitundika mlangoni pamoja na kofia, ao anaingia nazo mpaka ndani? Ili tujibu vizuri, tuangalie kwanza kwa watu wa mbali, halafu turudi kwetu.

Huko Marekani, kila mwaka, tangu tarehe 15 Septemba mpaka 15 Oktoba, wanafanyaka mwezi wa urithi wa watu wenye asili ya nchi zinazosema Kihispania. Ulianza kama juma moja tu mwaka 1968, wakati wa Rais Lyndon Johnson. Mwaka 1988, wakati wa Ronald Reagan, ukaongezwa kuwa siku 31. Tarehe haikuchaguliwa bure. Tarehe 15 Septemba Guatemala, El Salvador, Honduras, Nicaragua na Costa Rica zinakumbuka uhuru wao wa mwaka 1821. Kesho yake ni zamu ya Mexico, na tarehe 18 ni ya Chile. Katika kampuni, hospitali na maofisi, wafanyakazi wenyewe ndio wanatayarishaka mambo. Huyu analeta tamale, unga wa mahindi uliofungwa ndani ya maganda sawa sisi tunavyofunga chikwange ndani ya majani. Ule anavaa shati ya guayabera. Mwingine anasimulia namna gani babu yake alivuka mpaka kwenda kuvuna matunda ya watu. Muziki unalia, picha zinapigwa, wakubwa wanapiga makofi.

Tusicheke. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilipata watu wa asili hiyo zaidi ya milioni 62, na wengi wao wanafanya kazi ambayo macho ya watu hayaioni: mashamba, majengo, jiko, usafi. Mtu ambaye mwaka mzima jina lake linakatwa nusu na kutamkwa ovyo, siku ile analisema lote, na mkubwa wake anasikiliza. Hiyo ni heshima ya kweli. Kudharau furaha ya namna hiyo ni kazi ya mtu asiyejua njaa ya kuheshimiwa.

Lakini kusifu si kufunga macho. Kwanza, jina lenyewe. «Hispaniki» ni jina la makaratasi ya serikali. Lilienea katika kuhesabu watu tangu miaka ya 1970. Mtu wa Mexico, wa Puerto Rico, wa Cuba, hata Mmaya wa Guatemala ambaye nyumbani anasema lugha ya mababu na si Kihispania, wote wanatiwa ndani ya kikapo kimoja. Sisi tunajua ugonjwa huo. Ukifika Kinshasa, ukiwa Mushi, Mubembe, Munande ao Muluba wa Katanga, wanakuita Muswahili tu, na mambo yamekwisha.

Pili, lugha. Mwaka 1993 korti ya rufaa ya upande wa magharibi ya Marekani ilikata kesi ya kiwanda kimoja cha nyama cha California. Wafanyakazi 24 kati ya 33 walikuwa wasemaji wa Kihispania, na patro alikuwa amekataza lugha ile saa za kazi. Korti ikaona kama yule anayejua lugha mbili anaweza kutii bila shida, kwa hiyo hajaonewa. Mwaka 1994 Korti Kuu ikakataa kuichukua kesi. Basi tuulize: urithi gani huu ambao chakula chake kinakaribishwa mezani, lakini lugha yake inafukuzwa kwenye mashini? Wale wetu waliovalishwa «symbole» shuleni kwa kosa la kusema lugha ya mama watajibu bila kufikiri sana.

Tena, kuko desturi nyingine ya watu hao hao, iliyozaliwa kazini pasipo ruhusa ya patro. Tarehe 8 Septemba 1965, katika mashamba ya zabibu ya Delano, California, wafanyakazi Wafilipino walianza mgomo. Tarehe 16, siku ya uhuru wa Mexico, wenzao wa Mexico walikutana kwenye jumba la kanisa la Bikira Maria wa Guadalupe, wakakubali kuingia nao. Hapo ndipo kijana Luis Valdez, mtoto wa wavunaji, alianzisha Teatro Campesino, ni kusema teatri ya watu wa mashamba. Jukwaa lilikuwa mgongo wa kamio. Waigizaji ni wagomaji wenyewe. Mavazi ni kibao shingoni chenye kusema huyu ni nani.

Tuchukue mchezo wao mmoja wa mwaka ule, «Las dos caras del patroncito», yaani nyuso mbili za patro. Patro anavaa uso wa nguruwe. Anamwambia mfanyakazi kama anamwonea wivu, kwa sababu yeye hana mashaka ya mali. Haya, wabadilishane! Mfanyakazi anavaa ule uso, anashika fimbo na sigara, na kisha kidogo anaanza kuamrisha kwa ukali. Patro, bila uso wake, anateswa mpaka anaita chama cha wafanyakazi kimwokoe. Watu walicheka, lakini walielewa: ubwana ni kitu cha kuvaa, na chenye kuvaliwa kinaweza kuvuliwa.

Kasoro iko. Watu wa mchezo ule ni wa kibao tu, moyo wao wa ndani hatuuoni. Na wanawake, waliovuna zabibu sawa wanaume, hawana nafasi ndani yake. Lakini ni teatri ya watu waliochoka, inayochezwa njiani, bila kitabu, kwa lugha yao iliyochanganyika. Wenye kujua kundi la Mufwankolo wa Lubumbashi wataona undugu: kichekesho kifupi, maneno ya mjini, ukweli unapita katikati ya kicheko. Mwaka 1966 wagomaji walitembea toka Delano mpaka Sacramento, zaidi ya kilomita 400, bendera ya Bikira wa Guadalupe mbele, na jioni wanacheza. Julai 1970 wenye mashamba makubwa ya Delano wakatia sahihi mikataba. Urithi ulileta mkate.

Sasa kwetu. Wakati wa Zaire, tangu miaka ya 1970 mpaka chama kimoja kilipofikia mwisho mwaka 1990, wafanyakazi waliachishwaka kazi ili wacheze «animation». Ngoma zilikuwa za wazee wetu, sauti zilikuwa za wazee wetu, lakini maneno yaligeuzwa kumsifu Mkubwa mmoja. Watu walitoka jasho, wengine walicheka, na desturi ikapungukiwa na chumvi. Bila shaka karamu ya Marekani si animation: hakuna anayefukuzwa kwa kukosa kucheza. Lakini swali ni lile lile. Wazee walisema mcheza kwao hutuzwa. Je, mfanyakazi huyu anacheza kwao, ao anacheza kwa mwingine?

Mashirika yetu ya utamaduni yanaitwaka kila mara kwenda kuchezea sosiete siku ya Mei mosi ao mgeni mkubwa akifika. Tusikatae ovyo. Lakini kabla ya kufunga vikuku miguuni, tuulize mambo matatu. Nani alichagua ngoma na maneno yake? Lugha ya ngoma hiyo inaruhusiwa kesho kwenye kazi, ao leo tu? Na sherehe ikikwisha, wale waliocheza wanabaki na nini mkononi? Majibu yakiwa mazuri, tupige ngoma mpaka usiku. Yakiwa mabaya, afazali ngoma ilale nyumbani, kuliko kuiazimisha na kurudishiwa iliyopasuka.