Greatest Hits III ya Queen: Kosa Lililokaa Nafasi ya Pili

Tatizo ni wimbo wa pili. Novemba 1999, waliopanga nyimbo 17 za Greatest Hits III walichukua "Under Pressure", wimbo ambao kila shabiki wa Queen alikuwa nao tayari, wakaweka rimiksi yake iliyoitwa Rah Mix, tena si kule mwishoni kama kionjo cha nyongeza, bali nafasi ya pili kabisa, mara tu baada ya "The Show Must Go On". Na "A Winter's Tale" ukabaki nje. Mkusanyiko mzima haukupona hapo. Wapo wanaouliza kama shabiki wa kufa na kuzikana ana sababu ya kununua mikusanyiko ya bendi ambayo albamu zake zote anazo. Mimi naanza kulijibu swali hilo kwa kosa hili, kwa sababu jibu limo humo humo.

Tuanze na hesabu, maana wanaoitetea rimiksi hii huwa wanazikimbia hesabu. Albamu ya Queen ya 1995, Made in Heaven, ilitoa singo tano Uingereza. "Heaven for Everyone" ilifika nafasi ya 2, "A Winter's Tale" ya 6, "Let Me Live" ya 9, "Too Much Love Will Kill You" ya 15, na "You Don't Fool Me" ya 17. Nne kati ya hizo zimo kwenye Greatest Hits III. Moja tu imetupwa, na iliyotupwa ndiyo ya pili kwa mafanikio! Iliyoishia nafasi ya 17 imepewa kiti, iliyofika ya 6 imesimamishwa mlangoni. Rah Mix je? Siku mkusanyiko unaingia dukani, tarehe 8 Novemba, rimiksi hiyo haikuwa hata imetoka kama singo. Ilitoka Desemba, ikafika nafasi ya 14. Kwa hiyo mkusanyiko wa vibao vikali ulibeba kibao ambacho kilikuwa bado hakijavuma, ukaacha kilichokwisha kuvuma.

Na si kibao cha hivi hivi. "A Winter's Tale" ni miongoni mwa nyimbo za mwisho kabisa Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, kuziandika, akiwa Montreux, Uswisi, akilitazama ziwa, hali yake ya afya akiijua vizuri kuliko mtu mwingine yeyote. Usikilize anavyoimba: halazimishi noti za juu, hatafuti kumtisha mtu, anaelezea anachokiona tu na kuiacha sauti itulie juu ya kinanda. Mkusanyiko uliojaa maonyesho na wageni ulihitaji mahali pa kupumua namna hiyo. Ungewekwa karibu na "These Are the Days of Our Lives", nusu ya mwisho ya Greatest Hits III ingekuwa na uti wa mgongo.

Sasa tuingie kwenye rimiksi yenyewe. Wimbo wa asili, uliorekodiwa 1981 Mountain Studios huko huko Montreux wakiwa na David Bowie, umejengwa juu ya kitu kidogo sana: mstari wa besi wa John Deacon, noti saba zinazotembea juu ya sauti mbili tu. Ukiongeza vidole vinavyoalishwa, makofi na kinanda, umemaliza msingi. Vingine vyote vinakuja na kuondoka. Siri ya wimbo ni kule kuondoka. Katikati, vyombo vinashuka karibu vyote, vidole vinabaki, Bowie na Freddie wanapokezana chini chini, kisha wimbo unapanda polepole mpaka Freddie anaichukua ile noti ya juu. Noti hiyo inatikisa kwa sababu kabla yake palikuwa patupu. Hata mwisho hawafungi kwa kishindo, wanakuacha na vidole na kinanda mpaka panakuwa kimya.

Rah Mix inaogopa utupu huo. Ngoma zimeongezwa uzito, gitaa limejazwa, na sehemu ambazo wimbo wa asili ulinyamaza makusudi, rimiksi inazijaza kama mwenye nyumba asiyevumilia kuona ukuta mtupu. Ukishajaza bonde, mlima unatoka wapi? Freddie anapanda vile vile, sauti ni ile ile ya 1981, lakini safari hii anapanda juu ya kelele iliyokuwapo tangu mwanzo. Sauti mbili kubwa za roki ya Uingereza zimebaki, ila mazungumzo yao yamekatwa. Wimbo uliofika nafasi ya kwanza Uingereza kwa kujizuia ukarudishwa kwa kupiga kelele, ukaishia ya 14. Wasikilizaji hawakuwa wajinga.

Niliwahi kusema, na nitasema tena hata kama wasomaji wamechoka kunisikia: Queen haijawahi kumtendea haki John Deacon. Huyu ndiye aliyeandika "You're My Best Friend", "Another One Bites the Dust" na "I Want to Break Free", na bado watu wanamtaja wa nne kila mara. Tazama walichomfanyia hapa. Wimbo wa kwanza wa Greatest Hits III ni "The Show Must Go On" wa jukwaani Paris, Januari 1997, akiimba Elton John. Usiku ule ndio ulikuwa wa mwisho kwa Deacon kupanda jukwaani na Queen. Wimbo unaisha, na unaofuata mara moja ni Rah Mix, ambamo besi yake, ndiyo kiini cha wimbo, imezongwa na ngoma na gitaa. Wamemuaga kwa wimbo wa kwanza na kumfukia kwa wa pili.

Utetezi naujua. Husemwa kwamba "Under Pressure" ya asili ilikuwa imeshatumika kwenye Greatest Hits II ya 1991, kwa hiyo ilibidi shabiki apewe kitu kipya. Hoja hiyo inajifunga yenyewe: ikiwa umeshautumia, usiurudie. Na hawakuurudia huo peke yake. "The Show Must Go On" ulikuwa wa pili kutoka mwisho kwenye juzuu ya pili, halafu ndio unaofungua ya tatu. "Somebody to Love" wa juzuu ya kwanza umerudi kwa sauti ya George Michael, kutoka tamasha la Wembley la Aprili 1992. "Another One Bites the Dust" umerudi ukiwa na Wyclef Jean. Nyimbo nne kati ya 17 zimeshaonekana kwenye juzuu zilizotangulia. Sasa hesabu zile ambazo sauti ya Freddie haimo: ya Elton John, ya George Michael, "Driven by You" ya Brian May peke yake, na "No-One but You". Nne tena. Ndiyo maana jaladani waliandika Queen na alama ya kujumlisha. Walijua.

Kwa haki, "Las Palabras de Amor" na "Princes of the Universe" zilistahili kukumbukwa, na "Thank God It's Christmas" ya 1984, singo isiyokuwa kwenye albamu yoyote ya studio, ndiyo sababu pekee halali ya shabiki kuigusa sidii hii.

Wenzao wa zamani walielewa mkusanyiko ni wa nini. The Who walipotoa Meaty Beaty Big and Bouncy mwaka 1971, waliwapa Waingereza "Substitute" na "I'm a Boy", singo zilizokuwa zimetawanyika nje ya albamu zao. Zile santuri mbili za Beatles za 1973, nyekundu na bluu, zilikusanya "Paperback Writer", "We Can Work It Out" na "Hey Jude", ambazo Uingereza hazikuwa kwenye albamu ya studio hata moja. Shabiki aliyekuwa na albamu zote bado alikuwa na kitu cha kwenda kuchukua dukani.

Queen wenyewe waliwahi kuifanya kazi hii ipasavyo. Greatest Hits ya 1981 haina wimbo ambao shabiki hakuwa nao, ila ina mpangilio. Inafungua na "Bohemian Rhapsody", wimbo ambao mpangaji mwoga angeuhifadhi mwishoni, kisha inashuka moja kwa moja kwenye besi kavu ya "Another One Bites the Dust". Hapo umeoneshwa ncha mbili za bendi kwa nyimbo mbili. Haikufuata miaka: "Seven Seas of Rhye" ya 1974 imekaa karibu na mwisho, baada ya "Flash". Na ule mfuatano wa "We Will Rock You" na "We Are the Champions", ambao kwenye News of the World ya 1977 ndio unaofungua albamu, umehamishiwa mwisho, mahali ulipokuwa jukwaani. Huo ndio uhariri. Uingereza mkusanyiko huo ulivuka nakala milioni 7 mwaka 2022, wa kwanza kufika huko, na mtu aliyeusikiliza toka mwanzo hadi mwisho hashangai.

Nao una dhambi yake. "Fat Bottomed Girls" humo imekatwa kama ilivyokatwa kwa ajili ya singo, na kwenye juzuu ya pili "I Want It All" imeingia kwa toleo la singo, si la albamu. Mashabiki tumelalamikia mkasi huu kwa miaka mingi. Redio ina haraka zake. Mtu aliyekaa nyumbani na sidii yake hana haraka yoyote.

Kisha likaja pigo la Novemba 2000: The Platinum Collection, sidii tatu, nyimbo 51, juzuu zote ndani ya kasha moja. Aliyekuwa na mbili za kwanza akatakiwa azinunue tena ili apate ya tatu kwa mpangilio wa kasha, na ya tatu ndiyo mbovu. Biashara inaeleweka, lakini msitutake tupige makofi.

Basi hukumu yangu ni hii. Kama umeguswa na Queen juzi tu, labda baada ya kupita kwenye makumbusho ya Freddie pale Shangani, Unguja, anza na Greatest Hits ya 1981 na uisikilize kwa mpangilio wake, bila kuruka. Kama wewe ni shabiki wa kweli na albamu unazo, ya 1981 bado ni halali yako, hasa kwa santuri, kwa ajili ya mpangilio huo. Ya pili si lazima. Ya tatu usiinunue: tafuta singo ya "Thank God It's Christmas", weka Made in Heaven, na "A Winter's Tale" utaupata humo mzima, mahali ambapo hakuna aliyethubutu kuuondoa.