Mkono wa Mkulima

Mishamo, mkoani Katavi, ni nchi ya jembe. Waliopelekwa huko kuanzia 1978, watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972, walifyeka miombo wakapanda mahindi, maharage na tumbaku. Mahindi yakikaribia kukomaa, vijana hupanda dunguni kuamia. Ngedere hawana haya, na nyani ndiye mwizi mkubwa. Dawa yao ni kelele na jiwe. Kijana aliyeizoea kazi hii harushi ovyo. Hupima umbali, hukanyaga kwa mguu wa mbele, huzungusha kiuno, na mkono huja mwisho. Anayerusha kwa bega peke yake hulala na maumivu, na nyani amekula.

Ufundi wa namna hiyo ulimpa riziki Denton True Young, mtoto wa mkulima aliyezaliwa Gilmore, Ohio, Marekani, mwaka 1867. Mchezo wake ni besiboli, ambamo mrushaji humtupia mpira mpigaji mwenye gongo na kujaribu kumkosesha. Alianza kulipwa 1890, timu ya Canton. Mpira wake ulivunja mbao za uzio, watu wakamwita Cyclone, kimbunga. Jina likafupishwa, akabaki Cy.

Nguvu peke yake haidumu. Mwaka 1893 mrushaji alisogezwa nyuma, hadi mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, na wengi waliotegemea kasi wakafifia. Young alishinda mechi 34 mwaka huohuo. Siri yake, nionavyo mimi, ilikuwa ubahili. Kabla ya mechi alirusha mipira michache tu, akiamini kuwa mkono una akiba yake na akiba haichezewi. Majira ya baridi alirudi shambani kupasua kuni. Wachezaji wa leo huajiri walimu wa viungo. Shoka halikumdai mshahara.

Tarehe 5 Mei 1904, akiwa na miaka 37, aliichezea Boston dhidi ya Philadelphia. Wapigaji 27 walisimama mbele yake, na hakuna hata mmoja aliyefika kituo cha kwanza, pale mpigaji anapokimbilia; wote walitolewa.

Alistaafu 1911. Mkono ulikuwa bado mzima. Kitambi ndicho kilichomzuia kuinama kuokota mipira iliyogongwa kidogo ikaanguka karibu. Tangu 1956 mrushaji bora wa mwaka hupewa tuzo yenye jina lake. Young alishinda mechi 511. Anayemfuata, Walter Johnson, aliishia 417.