Watu Nyuma ya Asilimia

Mwaka 2004 Frank Neuner na wenzake walichapisha utafiti wao wa Imvepi, Arua. Wakimbizi 43 wa Sudan wenye kiwewe waligawanywa makundi kwa kura. Baada ya mwaka, asilimia 29 ya waliosimulia maisha yao walibaki na kiwewe. Kwa waliopewa ushauri nasaha, 79. Pengo linavutia, lakini hiyo 79 ni watu 11 kati ya 14. Mwaka 2008 wakachapisha utafiti wa Nakivale, wenye wakimbizi 277. Asilimia 70 ya waliosimulia walipona. Waliopata ushauri wa aina nyingine, 65. Pengo limefifia. Tusipohesabu watu nyuma ya asilimia, tutawanyima wakimbizi tiba inayofaa kwa ushahidi wa watu wachache.